Kilichotoka Kwenye Gole la Mkaguzi

Nianze na kuku, maana wengine wakisimulia habari hii huanza na mimi, na wakianza na mimi hawanimalizi vizuri.

Kuku mwenyewe tulimwita Mkaguzi. Alikuwa mtetea mwekundu, mnene, kilemba kimelalia jicho la kushoto. Kila asubuhi aliingia chumba cha mbele ninakoshonea, akazunguka cherehani mara mbili, akachungulia chini ya meza, kisha akanyoosha shingo kunitazama kana kwamba kuna fomu sijajaza. Akiridhika hutoka kwa mlango wa nyuma kwenda uani kwa wenzake. Walikuwa tisa. Siku ninazozisema walikuwa wamebaki sita, kwa sababu watatu walikufa ndani ya mwezi mmoja, na wote walikufa namna moja: anaacha kula, anajikunyata pembeni mwa banda, shingo imevimba kwa mbele, siku ya nne au ya tano unamkuta kalala ubavu.

Nyumba ni ya mama mkwe wangu. Niliingia humo nikiwa bibi harusi, na mume wangu alipofariki sikutoka, kwa sababu mama mkwe alisema nikae, na mimi si mtu wa kuambiwa kaa nikaondoka. Lakini sikufichi, katika nyumba ile kila kitu kina mwenyewe na mwenyewe si mimi. Vitanda ni vya mama mkwe, masufuria ni ya mama mkwe, cherehani alinunua marehemu, na chumba cha nyuma ni cha wifi yangu, dada wa marehemu, aliyerudi kwao ndoa ilipomshinda. Kuku peke yao ndio walikuwa wangu. Nilianza na wawili, nikaatamisha, nikalea vifaranga ndani ya boksi chini ya meza yangu ya kazi. Kwa hiyo mtu akigusa kuku wangu amegusa kitu pekee ninachoweza kukiita changu bila kugeuka nyuma kuona nani anasikia.

Na mimi niliamini yuko mtu anawagusa.

Wifi yangu hakupenda kuku. Hilo halikuwa siri. Walikuwa wakipanda kizingiti chake, wanaacha wanachoacha, naye hutoka na kandambili mkononi akiwakimbiza uani kote. Siku mbili baada ya yule wa tatu kufa nikamkuta anamwaga maji ya sabuni karibu na banda. Sikuuliza ni maji ya nini. Nilisimama katikati ya uani, mama mkwe yupo, na jirani mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake yupo, nikasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba asiyependa kuku awapite kimya, asiwatilie sumu wa wenzake.

Jirani akajifanya anakagua pindo la gauni. Wifi yangu aliweka ndoo chini, akaingia chumbani. Tangu siku ile akawa anapikia humo humo ndani, na nikipita na kumsalimu haitikii. Mimi nikaufanya ukimya wake ushahidi. Ana hatia, nikajiambia, angekuwa hana angenijibu. Na jirani naye, Mungu amsamehe, akaenda kusema kila mahali kwamba lisemwalo lipo.

Mama mkwe ni mtu wa maneno machache, lakini kila moja lina uzito wake. Jioni ile aliniita.

"Mimi sijui nani kafanya nini," akasema. "Ninachojua uani kwangu kunakufa vitu, na watoto wangu hawasemezani. Akiugua mwingine, asipopona kufikia Jumamosi naita mtu mwenye kisu. Wote wanachinjwa, na banda linavunjwa."

"Hachinjwi kuku hapa, mama."

"Basi wasife," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano yake Mkaguzi hakuja kazini.

Nilikuwa na sare za shule nzima za kushona muhula ule, mashati ya buluu mpaka nikifumba macho naona buluu, na saa tatu ilipofika ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyenizunguka. Nikaenda bandani. Alikuwa amejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama. Nikamshika shingoni, pale mbele, kwenye gole. Kwa asiyefuga nieleze: gole ni mfuko wa ngozi ambamo kuku huweka chakula kabla hakijashuka tumboni. Jioni huwa limejaa, asubuhi huwa tupu. La Mkaguzi lilikuwa limejaa asubuhi, tena gumu, halibonyei. Mdomo wake ulinuka chachu.

Nilikaa chini palepale kwenye pumba. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu, kwa sababu Jumamosi ilikuwa siku tatu tu mbele. Kisha nikamfunga kwenye kanga, nikamtia kwapani, nikaenda kwa daktari wa mifugo.

Daktari wetu ni binti mwembamba ambaye hajawahi kuonekana bila buti za mpira, mvua au jua, basi mtaa mzima unamwita Buti. Alimpapasa Mkaguzi bila haraka.

"Anaharisha?"

"Kidogo. Kijani."

"Wenzake wakoje?"

"Wanakula kama wageni wa harusi."

"Basi si mdondo. Mdondo ungeingia bandani ungeshawafagia wote, haumchukui mmoja ukaenda kupumzika wiki nzima. Huyu gole limeziba. Anakula nini?"

"Pumba, mahindi ya kupondwa, mchicha. Maji safi."

"Na nini kingine?"

"Kingine kipi?" nikasema. "Kuku wangu wanakula kuliko watu wengine. Kama kuna kingine aulizwe aliyewatilia."

Buti akaniangalia juu ya miwani. Akasema nisimpe chakula leo wala kesho. Nimpe maji kwa matone, na mafuta ya kupikia nusu kijiko, kisha nimkande gole taratibu, mara nne au tano kwa siku, bila kumning'iniza kichwa chini kama watu wanavyofanya, maana kinachotoka kitaingia kwenye pumzi na kumwua hapohapo. Lisipolainika mpaka Ijumaa, atakuja kumpasua.

"Kumpasua kuku?"

"Wewe si unapasua nguo ukaishona tena?"

Nikarudi nyumbani na kuku wangu na maneno yale.

Siku mbili nilishona nikiwa na kuku mapajani. Mkono wa kulia unasukuma kitambaa, wa kushoto unakanda gole, mguu uko kwenye kanyagio. Mkaguzi hakupinga. Alifumba macho akaniachia shingo yake, na hilo ndilo lililoniumiza, maana siku zote alikuwa hataki hata kushikwa mkia. Mteja mmoja aliniuliza kama nimefungua hospitali. Nikamwambia ndiyo, na wodi ya wenye midomo mirefu ina kitanda kimoja wazi, akitaka aingie. Akacheka kwa aibu, akachukua suruali yake.

Alhamisi mama mkwe alisimama mlangoni.

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Kesho kutwa ni Jumamosi."

"Kalenda ninayo, mama."

Mkwe hajibiwi hivyo, najua. Nilijua hata wakati neno linatoka. Lakini ningelirudisha ningelazimika kulia, na kulia mbele yake sikutaka.

Jioni ya siku hiyohiyo nilimtoa Mkaguzi uani apate hewa. Nimekwisha fagia, nimekwisha sukuma mabaki ya siku nje kwa mlango wa nyuma kama kawaida yangu, nimekaa kwenye kigoda namkanda. Dirisha la wifi yangu likafunguka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu siku ya ndoo.

"Mtazame anachookota," akasema.

"Wewe ndiye unayejua alichookota," nikamjibu.

Dirisha likafungwa. Nami nikajipongeza kwa jibu zuri. Niliona nimempatia barabara.

Ijumaa asubuhi gole lilikuwa gumu vilevile, na Mkaguzi alikuwa hawezi kusimama. Buti akaja na sanduku lake. Tuliondoa mashati juu ya meza ya kukatia, tukatandika shuka lililochemshwa, tukamlaza chali. Nikamshika miguu na mabawa. Buti akamchoma sindano ya ganzi, akanyonyoa manyoya machache, akasugua dawa, akasubiri, akamfinya kuhakikisha hasikii. Kisha akapasua ngozi, sentimita tatu hivi, halafu akapasua gole lenyewe.

Kwanza ilitoka pumba iliyochacha, harufu yake nisikwambie. Halafu koleo likanasa kitu kisichotaka kutoka. Buti akavuta polepole, kikaja, akavuta tena, kikazidi kuja.

"Hiki nini?" akasema.

Mimi nilikuwa nimekwisha jua. Ulikuwa uzi. Uzi wa buluu, wa mashati ya shule. Umejisokota na wa njano, wa gauni la yule jirani. Ndani yake mweupe wa shela niliyoshona mwezi uliopita, na katikati kipande cha bitana chenye ukingo wa msumeno, alama ya mkasi wangu wa meno ambao hakuna fundi mwingine mtaani anao. Kila uzi niliujua na nguo yake. Lilitoka donge zima, kubwa kama yai, Buti akaliweka kwenye kisahani.

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja ambayo ukiivunja hukosi kofi: mlango wa mbele ni wa mteja. Mteja akija kuchukua nguo yake asikanyage uchafu wa nguo ya mwenzake. Kwa hiyo takataka zote hutoka kwa nyuma. Miaka ishirini na mitano nimefagia kuelekea uani, kila jioni, bila kukosa, na nikijisifu kwamba chumba changu ni kisafi kuliko cha fundi yeyote. Nyuzi zilikuwa chache, upepo unazichukua, kuku wanapata mbili tatu na hazikuwadhuru. Muhula ule zilikuja sare za shule nzima. Nyuzi zikamwagika uani mafungu mafungu, na kuku wakaona nimewaletea minyoo ya buluu.

Sijapata kusikia aibu ya namna ile. Ilinipanda kutoka miguuni, na mikono yangu imeshika kuku, siwezi hata kujifunika uso.

Buti akachukua sindano yake iliyopinda.

"Nipe," nikasema.

"Mama, hii si nguo."

"Najua si nguo. Mimi ndiye niliyemjaza, mimi ndiye nitakayemshona. Wewe niambie tu nianzie wapi."

Alinitazama mikono. Mikono yangu haijawahi kunisaliti, ni kichwa ndicho kinachonisaliti. Akanipa glavu na sindano, akamshika kuku yeye.

"Gole kwanza, peke yake," akasema. "Kingo uzigeuze ndani. Ukimaliza ndipo ngozi. Usivishike pamoja hata mshono mmoja, maana hivi viwili huteleza, kila kimoja na njia yake. Ukivishona pamoja vitararuka."

"Bitana haishonwi na kitambaa cha juu," nikasema.

"Ndiyo hivyo."

Nilishona. Mishono saba kwenye gole, sita kwenye ngozi. Machozi yalinitoka nikashindwa kuyafuta, yakawa yanadondoka kwenye glavu, na Buti ana adabu zake, akawa anaangalia ukutani. Nililia kwa ajili ya wale watatu niliowazika nikiwalaani watu. Nililia zaidi kwa ajili ya dirisha lililofunguka nikalijibu upumbavu.

Nilikata uzi wa mwisho. Buti akasafisha meza, akachukua kisahani.

"Nitupe?" akauliza kwa sauti ya chini.

Kabla sijajibu mama mkwe akaingia kwa mlango wa nyuma. Nyuma yake, hatua mbili tatu, alikuwa wifi yangu. Alikuwa amesimama uani, nje ya kizingiti changu, hataki kukivuka.

"Kimetoka nini?" akauliza mama mkwe.

Macho yake yana ukungu, hawezi kuona kitu kidogo kutoka pale. Neno nyasi lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Kuku hula nyasi, nani angebisha? Kuku amepona, Jumamosi imepita salama, sumu inabaki mdomoni mwa watu na wifi yangu anabaki na jina nililompa. Ilikuwa rahisi hivyo. Na mimi, kwa hasira zangu zote na ubishi wangu wote, nikaona kwamba uwongo huo ndio ningeubishia zaidi kuliko yote niliyowahi kubishia.

"Uzi, mama," nikasema. Nikachukua kisahani kutoka kwa Buti, nikakipeleka mpaka mbele ya uso wake. "Uzi wangu. Hakukuwa na sumu. Wale watatu nimewaua mimi, kwa ufagio wangu mwenyewe. Na mwanao nimemsingizia. Jana akanionyesha, nikamtukana."

Mama mkwe aligusa lile donge kwa kidole. Buti akafunga sanduku lake.

"Nyani haoni kundule," mama mkwe akasema. "Mimi nilisema Jumamosi kinacholeta balaa uani kwangu kitoke."

"Ulisema kuku, mama."

"Nilisema kuku kwa sababu nilidhani ni kuku." Akageuza uso upande wa cherehani, kisha upande wangu. "Sokoni kuna vyumba vya mafundi. Kesho uhamishe kazi yako, na ukitaka kuhamia huko na kitanda, sikuzuii."

Basi hapo ndipo palipoamka yule mtu ninayemjua. Nilipiga magoti, na nikiwa nimepiga magoti nikabisha.

"Sitoki," nikasema. "Radhi nitaomba, hapa na popote. Nitaokota nyuzi kwa vidole nikiwa nimeinama hivi mpaka nizeeke. Ukisema nilale na kuku bandani nitalala. Lakini kuku hawatoki, cherehani haitoki, na mimi sitoki. Nimekosa nikiwa humu ndani, nitalipa nikiwa humu ndani. Mtu hakimbilii sokoni kwa sababu ameona haya."

"Unaniamrisha nyumbani kwangu?"

"Nakuomba mama, ila sina sauti nyingine ya kuombea."

Nikasikia kitu kama kicheko kidogo, na hakikutoka kwa mama mkwe. Wifi yangu alikuwa amevuka kizingiti.

"Asitoke, mama," akasema. Hakunitazama. "Akitoka atakwenda kuwa fundi mzuri wa watu huko, hakuna atakayejua. Abaki hapahapa. Kila akiamka anione mimi."

Mama mkwe akanigeukia. "Ulimchafua mbele za watu," akaniambia. "Kamsafishe mbele za watu."

Jumamosi, siku ambayo kisu kilipaswa kuja, nilimwita yule jirani. Nilimwita na mwenye duka, na wapangaji wa nyumba ya pili ambao habari ya sumu ilikuwa imewafikia ikiwa na mkia na pembe. Nilisimama pale pale katikati ya uani, kisahani mkononi, nikasema kwa sauti ileile niliyosingizia nayo. Nikaonyesha na uzi wa njano. Jirani akautambua, akainama kutazama pindo lake tena, na safari hii hakuwa akijifanya. Wifi yangu alisimama mlangoni mwake mikono kifuani mpaka nilipomaliza. Hakusema nimekusamehe. Sikumwomba aseme.

Mkaguzi alikunywa maji siku ya pili, uji mwepesi siku ya tatu. Siku ya kumi alirudi kazini, shingo ina upara na mishono yangu imenyooka juu yake. Siku hizi nina kopo lenye mfuniko, na nyuzi zote zinaingia humo. Nikimaliza nafagia tena kuelekea ndani, nakusanya kwa mkono, kinyume na kila nilichofundishwa. Fundi wangu angefufuka angenizaba.

Lakini kila jioni nikishamaliza, wifi yangu huingia. Hapigi hodi. Anazunguka cherehani, anainama, anachungulia chini ya meza, na kwa wiki tatu mfululizo hakukosa kitu. Anaokota uzi mmoja, anauweka mezani karibu na mkono wangu.

"Umesahau huu."

"Asante, wifi."

Na anaondoka. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno la kumrudishia mtu, hilo ndilo neno langu, na nalisema kila siku.

Jana hakukuta uzi. Alitafuta chini ya kanyagio, nyuma ya kabati, mpaka kwenye ufa wa mlango. Nikadhani ataondoka. Akavuta kiti cha wateja, akakaa. Mkaguzi akaja akamdonoa kidole cha mguu, na kandambili alikuwa nayo, hakuivua.

"Kuku wako hana adabu," akasema.

"Kalelewa na mimi," nikamwambia.